Bunduki ya Kwanza ya Baba

Mwezi uliopita mwanangu mdogo alinikokota mpaka Chamazi kutazama mpira. Mie si mtu wa mpira, lakini mtoto wa darasa la tano akikuomba wiki nzima, mwishowe unavaa jezi ya watu na unakwenda. Tulikaa juu kidogo, jua la saa kumi likitupiga usoni, karanga mkononi. Timu yake ikafunga. Vijana watatu waliokaa mbele yetu wakawasha fataki. Mbili zikapasuka, watu wakashangilia. Ya tatu ikafanya fyuu, ikanyamaza, na kijana mmoja akainama kuiangalia imekuwaje.

Sikumbuki nilivyosimama. Nakumbuka nilikuwa nimeshamkamata kijana wa watu ukosi wa shati na napiga kelele, "Acha! Usiiguse!" Karanga zote chini. Watu wamegeuka, wengine wanacheka. Yule kijana akaniambia kwa upole, "Mama, tulia, hiyo imeshazima." Na kweli ilikuwa imezima. Haikupasuka kabisa. Mwanangu akajifanya hanijui mpaka mechi ikaisha.

Tulipotoka nilisimama nje nikajaribu kupima kwa macho. Shamba letu lilikuwa upande gani? Enzi zile, ndugu yangu, ukisema unakwenda Chamazi watu walikuuliza unarudi lini. Barabara ilikuwa mchanga mtupu, na ukishapita nyumba za mwisho ulikuwa unatembea na vichaka, mikorosho na njia za mbuzi. Sie tulikuwa tunakaa Mbagala, vyumba viwili na uwanja. Baba alikuwa mchonga vinyago, mtu wa Newala, na uwanja wetu ulikuwa ndiyo karakana yake. Niliamka kwa sauti ya tezo, ko, ko, ko, kabla hata muadhini hajamaliza, na nililala na vumbi jeusi la mpingo puani. Mpaka leo nikinusa mpingo uliokatwa sasa hivi, njaa inaniuma, kwa sababu harufu ile ilikuwa inakuja pamoja na ya uji wa mama.

Jumamosi ilikuwa siku ya shamba. Lilikuwa mbele ya Chamazi, ng'ambo ya kijito, ekari mbili za mihogo na mbaazi na kibanda cha makuti. Mama ndiye aliyelipenda. Baba alilima kama mtu anayemlipia mwenzake faini, lakini mama alikuwa anazungumza na mihogo yake. Halafu nguruwe pori wakaanza. Walitoka msituni upande wa Vikindu, wakachimba matuta kama watu wenye majembe, wakala kidogo na kuharibu kingi. Tulijaribu kila kitu: madebe, moshi wa pilipili, sanamu la majani lililovishwa khanga ya mama. Jumamosi moja tulifika tukakuta sanamu lenyewe limelala chini, na nusu ya shamba imepinduliwa. Mama akasimama katikati ya matuta akalia bila sauti.

Baba akasema, "Nitanunua bunduki."

Mama akacheka huku machozi yakimtoka. "Ya kumpiga nani? Wewe hata kuku unaita mtu akuchinjie."

Lakini baba hakuwa anatania. Babu yangu huko kwao alikuwa mwindaji wa gobore, na baba utotoni ndiye aliyembebea pembe ya baruti. Nadhani tangu siku zile alikuwa anasubiri sababu. Mwaka ule alikuwa ameuza kinyago kikubwa, cha watu waliobebana kutoka chini mpaka juu, kazi ya miezi saba. Ungemuuliza mama, zile zilikuwa pesa za bati. Baba akaanza kufuatilia kibali: barua ya serikali ya mtaa, kituo cha polisi, alama za vidole, njoo kesho, njoo kesho kutwa. Alikuwa ananichukua kwenye safari zile kwa sababu mie nilikuwa mtoto wake wa pekee, na kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Hakuniita kwa jina. Aliniita "mama".

Kibali kilipokaribia, ndipo ikaja kazi ya kuchagua. Mjomba wa mama alimwambia baba kuna fundi huko Rufiji anatengeneza gobore zuri kwa bei ya mbuzi wawili. Baba akalikataa hapo hapo. Gobore halina karatasi, na yeye alikuwa muoga wa polisi kuliko wa nguruwe. Tukaenda mjini, kwenye duka la silaha. Nakumbuka baridi ya mle ndani na harufu ya mafuta, na bunduki zimesimama ukutani kama wanafunzi mstarini. Mwenye duka lile, mzee mwenye miwani, hakutudharau ingawa kandambili za baba zilisema kila kitu. Alimshikisha moja, akamshikisha nyingine, akamwonyesha namna ya kuegemeza kitako begani. Baba akauliza bei. Akauliza tena, kama vile safari ya pili itapungua. Yule mzee akamwambia neno ambalo nimelibeba miaka yote:

"Bunduki ni kinywa, ndugu yangu. Kabla hujanunua kinywa, jiulize utakilisha nini. Kama risasi zake huzimudu, hiyo siyo yako."

Baba alishukuru, tukatoka.

Wiki chache baadaye akafariki mzee wa duka la mtaani kwetu. Huyu alikuwa jirani yetu wa nyumba ya tatu, Mwarabu wa hapo hapo Mbagala, na duka lao la rejareja lilikuwepo kabla ya mtaa. Alikuwa akimiliki bunduki aliyokuwa anawindia paa na kanga enzi za ujana wake. Mwanawe, ambaye ndiye aliyerithi duka, hakuitaka ikae nyumbani. Akamwambia baba, kwa kuwa karatasi zako ziko tayari, tuhamishe jina, nitakupa kwa bei ya jirani. Akaongeza, nusu kwa utani, "Lakini mzee, baba yangu hakuwahi kuigusisha nguruwe. Ukimpiga nguruwe usije ukaniambia."

Nilikuwepo alipoitoa kwenye shuka. Nakwambia, baba hakuangalia mtutu. Hakuangalia komeo, ile sehemu unayoivuta kufungua na kufunga. Aliangalia mti. Kitako kilikuwa cha mti wa kizungu wenye mistari ya rangi ya asali, umelainishwa na mkono wa mtu mmoja kwa miaka mingi. Baba akakipitishia kidole taratibu, akakigeuza kwenye mwanga, akakinusa. "Huu mti haukui huku kwetu," akasema. Akanishikisha. "Unaonaje, mama?"

Nikasema ni nzuri. Ilikuwa nzuri kweli.

"Mti haudanganyi," akasema. Hilo lilikuwa neno lake la siku zote, na kwenye vinyago lilikuwa kweli. Akalipa, na hakubaki na kitu. Mwenye duka, kwa ukarimu tu, akampa na boksi la bati lenye risasi za marehemu. "Zikikutosha mwezi, si mbaya."

Polisi wakahamisha jina. Ikapangwa Jumamosi tutakwenda shamba, mie nikiwemo. Baba aliniahidi mbele ya mama, na mama alikuwa amekubali kwa shingo upande. Sikulala vizuri juma lile. Nilikuwa nimeshawasimulia wenzangu shuleni, na mwalimu wetu alikuwa amenipiga kofi la mgongo kwa kuwasimulia wakati wa hesabu.

Alhamisi mama alinituma mafuta ya taa. Mwenye duka alikuwa amesafiri kwenda Tanga kufuata mizigo, na aliyekuwa anauza ni kijana wa kuajiriwa. Nikiwa naondoka nikasikia naitwa kwenye dirisha la uani. Alikuwa bibi wa dukani, mjane wa marehemu. Alikuwa amekaa eda, nguo nyeupe, ndani tu, haonekani kwa mwanamume asiye wa kwake. Mama alikuwa amenikataza kabisa kuingia nyumba ile, siyo kwa ubaya. Alisema mtoto anayezoea sinia za watu anamtia mama yake aibu. Lakini bibi aliponiita niliingia, maana unamkatalia vipi mtu mzima mwenye msiba?

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Kaa." Akanipa visheti kwenye kisahani, vitamu, bado vya moto. Nikala. Akanitazama nikila, kisha akasema, "Nimesikia mwanangu amempa baba'ko na lile boksi la bati. Mwambie baba'ko asizitumie risasi zile. Mvua ile kubwa chumba kilijaa maji, boksi likalala majini siku mbili. Marehemu alisema zitupwe. Mie nikaona hasara, nikazianika juani kama dagaa. Hazifai. Anunue mpya. Umenisikia?"

"Ndiyo bibi."

"Utamwambia?"

"Nitamwambia."

Nilikuwa na miaka tisa, na nilikuwa na akili. Naomba unielewe hapo, maana nimeshajitetea sana kwa utoto. Nilijua risasi mpya maana yake ni pesa, na pesa maana yake ni kinyago kingine, na kinyago kingine maana yake Jumamosi hakuna safari. Tena ningeulizwa, umeonana wapi na bibi? Na mama angejua nimekula. Nilitembea nyumba tatu zile na kidumu cha mafuta ya taa nikipanga nitasemaje. Nilipofika baba alikuwa anaifuta bunduki kwa kitambaa anachofutia vinyago, anapiga mluzi. Nikasema nitamwambia baadaye. Ijumaa nikasema nitamwambia kesho.

Jumamosi tulifika shamba saa nne. Mama akafagia kibanda, akapika chai, tukala mihogo ya kuchemsha na nazi. Baba alinionyesha mahali pa kukaa, nyuma yake hatua kumi hivi, na akaniambia nisiinuke hata nyoka akipita. Yeye alikaa nyuma ya kichuguu. Tukasubiri. Nilisikia mama kule kibandani anamenya mihogo, kisu kinakwaruza, na hua wanalia kwenye mikorosho. Jua lilianza kulegea. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena, na huku sauti ya bibi inaniuliza, utamwambia?

Wakatoka. Jike na watoto wake wanne, mistari mgongoni, pua chini. Baba akaegemeza kitako begani kama alivyofundishwa mjini. Akavuta pumzi.

Tk.

Basi. Sauti ndogo, kama mtu anavunja kijiti. Nguruwe hawakuinua hata vichwa. Baba akashusha bunduki, akaitazama vile anavyotazama kinyago kilichopasuka bila sababu, akapeleka mkono kwenye komeo na kuanza kulivuta.

Hapo ndipo niliposimama. "Baba!"

Akageuza uso kunitazama. Na ikalipuka.

Sitakusimulia yote. Alikaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka na kazi. Harufu ilikuwa ya baruti na ya nyama. Mama alikuja mbio, kisu bado mkononi, maji meupe ya mihogo yakimchuruzika kwenye viganja, na hakupiga kelele. Alivua khanga akamfunga mkono, akaivua ya pili akamfunga kichwa. Mchoma mkaa mmoja alimpakia kwenye baiskeli mpaka barabarani, na lori la mchanga likatufikisha hospitali. Mkono wa kulia ukapoteza dole gumba na vidole viwili. Sikio likachanika. Daktari alimwambia mama kilichomwokoa ni kugeuka. Angekuwa amekiinamia kile chuma, sasa hivi tungekuwa tunazungumza habari ya kaburi.

Mama akamuuliza baba aligeuka kwa nini. Baba akanyoosha mkono wa kushoto, akanionyesha.

"Aliniita."

Kuanzia hapo nikawa mtoto aliyemwokoa baba yake. Kanisani nilisimamishwa mbele. Mwalimu aliyenipiga kofi alinipa daftari jipya. Wanawake wa mtaani waliokuja kutoa pole walinishika mashavu. Na mie nilikubali kila kitu, kichwa chini, wakadhani ni adabu.

Mwenye duka aliporudi kutoka Tanga alikuja nyumbani kabla hata ya kufungua duka. Aliketi kwenye mkeka, mtu mzima yule, analia. "Mzee, nisamehe. Sikujua habari ya zile risasi. Mama ananiambia alimtuma binti aje akwambie." Na akanigeukia. Mama naye akanigeukia. Chumba kizima kilikuwa macho tu.

Nilifungua mdomo. Baba, amelala na mkono wake umefungwa kama mtoto mchanga, alisema kabla yangu:

"Aliniambia."

Akausogeza ule mkono kifuani.

"Aliniambia mapema. Nilipuuza mwenyewe. Niliona hela hakuna."

Mama alinyanyuka akatoka nje. Tulimsikia uani, ndiyo kwanza analia kwa sauti. Baba hakunitazama. Alikuwa anatazama paa, na uso wake ulikuwa mtulivu, uso wa mtu aliyekwisha kuamua mti aukate wapi.

Eda ilipokwisha, bibi wa dukani alikuja mwenyewe na sinia la wali. Aliniwekea mkono kichwani akasema, "Mtoto mwaminifu." Nilikimbilia chooni nikatapika.

Baba hakuchonga tena. Alijaribu mkono wa kushoto mwaka mzima, tezo likawa linamkimbia. Mwishowe akawa mpiga msasa wa vinyago vya wenzake. Walimletea kazi mbichi, yeye akailainisha, akaipaka rangi ya viatu, akaisugua mpaka ing'ae, na jina la kazi likabaki la mwingine. Shamba tukaliuza kulipia maisha. Mama hakumsamehe. Hakumwacha, alimpikia na kumfulia, lakini kila shida ilipobisha hodi, bati linavuja, ada haipo, alisema lile lile: "Si uliambiwa? Mtoto mdogo alikwambia, kichwa ngumu wewe." Baba alijibu, "Ni kweli, mke wangu." Miaka yote. Nilikuwa nakaa chumba cha pili naandika kazi za shule, na nasikia, "Ni kweli, mke wangu."

Mara ngapi nilitaka kusema! Nilipomaliza shule. Nilipoolewa. Nilimkuta uani na vipande vya msasa nikaanza, "Baba, kuna jambo." Akasema, "Nipe hicho laini hapo, mama." Mara ya mwisho ilikuwa hospitali, hana nguvu hata ya kugeuka. Nikamsogelea sikio lile zima.

"Baba, ile siku ya nguruwe..."

"Uliniita," akasema.

"Kabla ya hapo, baba. Alhamisi yake."

"Uliniita," akarudia, na akafumba macho. Tulimzika siku nne baadaye.

Sasa duka lile limevunjwa, pamejengwa ghorofa la vyumba vya kupanga. Bibi alishatangulia, na mwanawe alihamia kwa ndugu zake Tanga. Kwenye kijito hakuna maji, kuna mabomba na kuta. Hakuna nguruwe, hakuna mikorosho, wala hakuna mtu wa kumuuliza kichuguu kilikuwa wapi. Nilizunguka siku ile na mwanangu mpaka akachoka, na sikuweza kupaonyesha kidole mahali popote nikasema, ni hapa. Hilo liliniumiza kuliko nilivyotegemea. Nadhani nilidhani pataningoja.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Mbagala kwa mama. Amezeeka, macho hayaoni vizuri, lakini bado anachambua mchele mwenyewe, kwa vidole. Mwanangu akamshtakia kwamba nimemtia aibu uwanjani. Mama akacheka, akaanza hadithi yake: jinsi mama yenu alivyomwokoa babu yenu, jinsi babu yenu alivyokuwa mbishi, akaambiwa asisikie. Nikamtuma mtoto dukani. Nikakaa kwenye mkeka, nikamwambia.

Nilimwambia yote. Visheti, kidumu, ile Ijumaa ya nitamwambia kesho. Vidole vyake vilisimama juu ya mchele.

Nilipomaliza akainua uso. Kisha akauliza, "Na yeye alijua?"

"Alijua, mama."

"Tangu siku ile?"

"Tangu siku ile."

Hakunigombeza. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa. Nadhani nilikuwa nimekwenda kutafuta hicho. Aliweka ungo chini, akajikaza kuinuka, akakataa mkono wangu. Akajifunga khanga vizuri, kama mtu anayetoka kwenda kwa wakubwa, akaingia chumbani na kurudisha mlango.

Nilibaki uani na mchele wake. Baada ya muda nikamsikia anazungumza mle ndani, peke yake, taratibu, kwa sauti ambayo katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akizungumza nayo na baba.

"Mume wangu," alikuwa anasema. "Mume wangu, nisamehe."

Sikuingia.